Jinsi Kompyuta Zilivyowashinda Mabingwa wa Sataranji

Aghalabu mtu akiulizwa ni lini kompyuta ilipomshinda binadamu katika sataranji, hujibu pasi na kusita kuwa ni mwezi wa Mei 1997, mjini New York, siku ile bingwa wa dunia Garry Kasparov alipoinuka mezani akiwa ameshindwa na mashine ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue. Na jibu hilo, ijapokuwa si la uongo, halikidhi haja, kwa sababu kushinda mara moja ni jambo moja, na kushinda daima, leo na kesho, mbele ya bingwa huyu na yule, ni jambo jingine kabisa. Ithibati ya hilo la pili haikupatikana New York. Ilipatikana baadaye, kidogo kidogo, katika miji ya Manama, Bilbao, London na Bonn, baina ya mwaka 2002 na 2006, wakati ambapo magazeti mengi yalikwisha kulifunga shauri hilo na kushughulikia habari nyingine. Mimi naona kuwa miaka hiyo imedhulumiwa na wasimulizi wa mchezo huu, na ndiyo sababu ya kuieleza safari yote tangu mwanzo wake, ili msomaji apime mwenyewe shaka ilikwisha wapi.

Tamaa ya kuiona mashine ikicheza sataranji ilitangulia sana ujuzi wa kuitengeneza. Mwaka 1770, katika baraza la Malkia Maria Theresa mjini Vienna, afisa wake mmoja, Wolfgang von Kempelen, alileta kabati kubwa ambalo juu yake paliwekwa ubao wa sataranji, na nyuma ya ubao ameketi mtu wa mbao aliyevikwa kilemba na joho la Kituruki. Kempelen aliifungua milango ya kabati mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha wageni magurudumu ya meno yaliyosongamana ndani, kisha akaifunga na kuutia ufunguo mtambo wake. Na yule mtu wa mbao akaunyosha mkono, akashika kete, akaisogeza, na mara nyingi akashinda. Baada ya Kempelen kufariki mashine ilimilikiwa na Johann Mälzel, na mwaka 1809 Napoleon mwenyewe alicheza nayo katika kasri la Schönbrunn. Hatimaye ikavuka bahari mpaka Marekani, ambako iliteketea kwa moto mjini Philadelphia mwaka 1854. Ndani ya kabati alikuwamo mtu, mchezaji hodari aliyejikunja akimulikiwa na mshumaa, na kuuongoza mkono wa mwanasesere kwa vyuma. Ilikuwa ghiliba tupu. Walakini ghiliba iliyodumu kwa zaidi ya miaka 80 haikosi kutufunulia jambo kuhusu waliodanganywa, nao walikuwa na sababu ya kustaajabu, kwani tangu enzi za makhalifa wa Baghdad, ambako as-Suli aliheshimiwa katika karne ya kumi kwa ustadi wake wa sataranji na kwa vitabu alivyoviandika juu yake, mchezo huu ulihesabiwa kuwa mizani ya akili, na kitu chochote kilichoumudu hakikuweza kuwa kitu cha kawaida.

Mashine ya kwanza ya kweli, isiyo na mtu ndani yake, ilitengenezwa na mhandisi wa Kihispania, Leonardo Torres y Quevedo, aliyeionyesha mjini Paris mwaka 1914. Haikujua kucheza mchezo mzima. Ilipopewa mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, iliweza kumwandama mfalme huyo kwa nguvu za umeme mpaka ikamfunga asipate pa kukimbilia. Na jambo hilo dogo, maadamu halikuwa na hila yoyote ndani yake, nalihesabu kuwa ndilo mwanzo halisi wa historia hii.

Msingi wa yote yaliyofuata uliwekwa na Claude Shannon, mwanahisabati wa maabara za Bell nchini Marekani, katika makala iliyochapishwa mwaka 1950. Shannon alianza kwa kuonyesha lisilowezekana. Katika hali ya kawaida mchezaji ana hatua kama 30 za kuchagua, na mwenzake ana nyingine kama hizo za kumjibu, hata hatua moja tu ya kila upande huzaa hali zipatazo elfu. Na mchezo wa hatua 40, ukihesabiwa kwa njia hiyo, huzaa michezo ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 120, idadi ambayo hakuna mashine itakayoimaliza hata ikipewa umri wa ulimwengu. Basi mashine haina budi kutazama hatua chache mbele, kisha isimame na kuikadiria hali iliyofika: kitunda kipewe thamani ya 1, farasi na tembo 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9, na kuongezwa au kupunguzwa kidogo kwa ajili ya usalama wa mfalme na wasaa wa kete kutembea. Akataja njia mbili za kuifanya kazi hiyo. Ya kwanza ni kuhesabu hatua zote bila kubagua, mpaka kina fulani. Ya pili ni kuchagua, kama afanyavyo binadamu, zile chache zenye maana na kuzifuata mbali. Shannon aliipendelea ya pili, na wataalamu wengi wakamfuata, wala haikuwawia wepesi, kwa muda wa zaidi ya miaka 20, kukubali kuwa mlango uliokuwa wazi wakati huo ulikuwa ule wa kwanza.

Mwingereza Alan Turing naye alikuwa ametunga kanuni za kuiwezesha mashine kucheza, lakini hakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuziendesha. Kwa hiyo mwaka 1952 alishika mahali pa kompyuta yeye mwenyewe, akizifuata kanuni zake kwa kalamu na karatasi pasipo kuongeza busara yake hata chembe, kila hatua ikimchukua kama nusu saa, mbele ya Alick Glennie, mwenzake wa Manchester. Kanuni zilishindwa. Mimi siujui mchezo mwingine ulioshindwa kwa heshima kubwa kuliko huo.

Miaka iliyofuata ilikuwa na ahadi nyingi na mavuno haba. Mwaka 1956, katika maabara ya Los Alamos, kompyuta iliyoitwa MANIAC ilicheza sataranji iliyopunguzwa, yenye miraba 36 badala ya 64 na isiyo na tembo, ikamshinda mtu aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza kanuni. Mwaka 1958 Herbert Simon na Allen Newell waliandika kuwa miaka kumi haitapita kabla ya kompyuta kuwa bingwa wa dunia. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1967 programu ya Richard Greenblatt katika chuo cha MIT ilimshinda mwanafalsafa Hubert Dreyfus, mkosoaji mkali wa madai ya watu wa akili ya mashine, na jambo hilo liliwafurahisha sana wapinzani wake, ingawa Dreyfus hakuwa mchezaji wa kuhesabiwa.

Aliyelipa shauri hili sura ya mizani ni David Levy, kijana aliyekuwa bingwa wa Scotland, ambaye mwaka 1968 aliwekeana dau na John McCarthy na Donald Michie, wakubwa wa taaluma ya akili ya mashine, kuwa kwa muda wa miaka kumi hapatakuwa na kompyuta ya kumshinda katika pambano rasmi. Muda ulipokuwa ukiyoyoma, mwezi wa Agosti 1978, aliketi mjini Toronto kupambana na Chess 4.7, programu iliyotungwa na vijana wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akashinda kwa alama 3.5 kwa 1.5. Namna aliyocheza ni ya kukumbukwa. Hakushambulia, alijipanga taratibu, akazifunga njia za katikati ya ubao, akaingoja mashine ijiharibie yenyewe, kwa kuwa mashine ya wakati ule ilikuwa mfano wa baharia aonaye kila kilicho mbele yake mpaka ukomo wa upeo, asijue lolote la mwamba ulio nyuma ya upeo huo, hata akauelekea kwa utulivu kabisa. Mchezo mmoja alioupoteza ni ule aliojaribu kuupigania kwa mashambulizi ya wazi, yaani kuikabili mashine pale hasa ilipokuwa na nguvu. Levy alilipwa dau lake, lakini mtu yeyote aliyeutazama mchezo ule uliopotea aliweza kuiona dalili.

Wakati huo huo watu wawili walikuwa wakielekea pande mbili zilizo mbalimbali. Mikhail Botvinnik, Mrusi aliyewahi kuwa bingwa wa dunia na ambaye taaluma yake ilikuwa uhandisi wa umeme, aliazimia kuifundisha kompyuta kufikiri kama afikirivyo mstadi, ichague hatua chache na iache zisizo na maana, na akaitumikia azma hiyo kwa miaka mingi ya maisha yake bila ya kuifikisha programu yake ubaoni kushindana na mabingwa. Ken Thompson wa maabara za Bell, yeye pamoja na Joe Condon, hakuhangaika na namna binadamu anavyofikiri. Alitengeneza mashine mahususi, Belle, yenye nyaya zilizoundwa kwa kazi ya sataranji tu, ikipima hali zipatazo 160,000 kwa sekunde moja, na kwa majaribio akaonyesha kuwa kila kina cha hesabu kinapoongezwa, nguvu ya mchezo hupanda. Mwaka 1983 Belle ikawa kompyuta ya kwanza kupata daraja la masta nchini Marekani. Naiheshimu sana juhudi ya Botvinnik, kwani swali lake lilikuwa kubwa kuliko la Thompson. Ila jibu lilikuwa mikononi mwa Thompson.

Njia hiyo ya kuhesabu kwa wingi ndiyo aliyoirithi Feng-hsiung Hsu, mwanafunzi kutoka Taiwan aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambaye aliifupisha kazi ya kabati zima la nyaya ikaingia katika kipande kimoja cha silikoni. Yeye na wenzake, miongoni mwao Murray Campbell na Thomas Anantharaman, waliunda Deep Thought, nayo mwezi wa Novemba 1988, katika mashindano ya Long Beach huko California, ikamshinda Bent Larsen wa Denmark, mwenye cheo cha grandimasta, ambacho ndicho cheo cha juu kabisa cha mchezo huu; na kabla ya hapo hakuna grandimasta aliyekuwa ameshindwa na kompyuta katika mashindano ya kawaida. Mwaka uliofuata mashine hiyo hiyo ilimshinda Levy michezo minne kwa sifuri. Ilipoletwa mbele ya Kasparov mjini New York, Oktoba 1989, ikapigwa michezo yote miwili, na bingwa akaondoka na hakika kuwa siku yenyewe ingali baidi. IBM iliwachukua Hsu na Campbell, na kazi ikaanza upya.

Dalili zilizidi kujitokeza kwanza katika mchezo wa haraka, ambao ndio unaomnyima binadamu nafasi ya kusahihisha jicho lake. Mwaka 1994 programu ya Fritz ilimpokonya Kasparov mchezo wa dakika chache mjini Munich, na miezi michache baadaye, mjini London, Chess Genius ilimtoa kabisa katika mashindano ya mchezo wa kasi. Mabingwa walijifariji kuwa mchezo wa taratibu, wa saa nyingi, haujaguswa. Faraja hiyo ilipasuka tarehe 10 Februari 1996 mjini Philadelphia, siku Deep Blue ilipomshinda Kasparov katika mchezo wa kwanza wa pambano la michezo sita, na kwa mara ya kwanza bingwa wa dunia aliye kitini akashindwa na kompyuta kwa saa kamili za mashindano. Kasparov alijitengeneza, akaisoma mashine, akashinda michezo mitatu na kutoka sare miwili. Pambano likaisha 4 kwa 2, na ubinadamu ukapumua.

Pambano la pili lilianza tarehe 3 Mei 1997, juu katika ghorofa ya 35 ya jengo la Equitable Center mjini New York, na zawadi iliyowekwa ilikuwa dola 700,000 kwa mshindi na 400,000 kwa mshindwa. Deep Blue ilikuwa imeongezewa nguvu, ikiwa na vipande 480 vya silikoni vilivyotengenezwa mahususi kwa sataranji na uwezo wa kupima hali milioni 200 kwa sekunde, na grandimasta Joel Benjamin alikuwa ameketi na wahandisi kwa miezi mingi akiwaonyesha makosa yake ya mtazamo. Kasparov alishinda mchezo wa kwanza. Katika wa pili mashine ilifanya jambo ambalo hakulitazamia: mahali ambapo kompyuta zote alizozijua zingeingiza malkia na kujinyakulia vitunda, hii iliacha, ikapendelea kuzibana njia zote alizoweza kujinasua kwazo, kwa subira ambayo alidhani ni milki ya binadamu peke yao. Kasparov alisalimu amri. Na kesho yake wachambuzi wakaonyesha kuwa katika hali ile ile aliyoiacha palikuwapo njia ya kupata sare, kwa kumtisha mfalme wa adui mfululizo bila kikomo. Kwa bingwa wa tabaka lake, kujua kuwa amejitoa katika mchezo ambao haujapotea ni jeraha zito kuliko kushindwa kwenyewe, na kwa maoni yangu pambano zima liliamuliwa siku hiyo, moyoni mwake, kabla ya kuamuliwa ubaoni. Michezo mitatu iliyofuata ilikuwa sare. Katika wa sita, tarehe 11 Mei, akicheza kwa kete nyeusi, alikisogeza mapema mno kitunda kimoja cha pembeni, mashine ikatoa farasi wake sadaka kwa mujibu wa mianzo iliyokuwa imehifadhiwa katika hazina yake, na baada ya hatua 19 tu kila kitu kikawa kimekwisha. Alama zilikuwa 3.5 kwa 2.5.

Kasparov aliondoka na hasira, akidokeza kuwa mkono wa binadamu uliingia katika mchezo wa pili, na akaomba aonyeshwe kumbukumbu za hesabu za mashine. Akaomba na pambano la marudio. IBM haikukubali marudio, ikaistaafisha mashine yake, na kumbukumbu zikatolewa hadharani baadaye. Shutuma ya udanganyifu haikupata ushahidi wowote, nami siikubali hata kidogo. Lakini malalamiko yake mengine yalikuwa ya haki, kwa sababu mashine iliyomshinda haikuwa na michezo iliyochapishwa ambayo yeye angeweza kuisoma, ilhali michezo yake yeye ya miaka 20 ilikuwa wazi kwa kila mtu. Na michezo sita, iliyoamuliwa kwa tofauti ya alama moja, dhidi ya mtu aliyekuwa amevurugika, ni kidogo mno kuwa ithibati ya ubora wa kudumu. Mwanasayansi asingeridhika na jaribio la namna hiyo, kisha akakivunja chombo alichopimia.

Ndiyo maana pambano lililofanyika Bahrain mwezi wa Oktoba 2002 lina uzito mkubwa kuliko umaarufu wake. Mjini Manama, Vladimir Kramnik, aliyekuwa amemvua Kasparov ubingwa miaka miwili nyuma, alikabiliana kwa michezo minane na Deep Fritz, programu ambayo mtu yeyote aliweza kununua aina yake dukani, na kwa masharti yaliyorekebisha dhuluma ya New York, kwani alipewa programu yenyewe mapema ili aichunguze. Alijitayarisha kwa uangalifu wa kupendeza. Alitafuta mianzo iliyoruhusu malkia kubadilishana mapema, ili ubao ubaki na kete chache na mashambulizi machache, pahali ambapo busara ya muda mrefu ina faida na wingi wa hesabu hauna makali. Na baada ya michezo minne alikuwa mbele kwa alama 3 kwa 1. Waliokuwa wakimtetea binadamu wakaona hoja yao imesimama. Katika mchezo wa tano, akiwa amechoka, akafanya kosa ambalo grandimasta hulifanya mara chache sana, akapoteza kete nzima kwa hatua moja. Katika wa sita aliamua kushambulia, akatoa farasi sadaka kwa ujasiri mkubwa, mashine ikajihami hatua kwa hatua bila kutetemeka, naye akapoteza. Miwili ya mwisho ilikuwa sare, na pambano likaisha 4 kwa 4.

Msomaji autazame kwa makini mwenendo huo, kwa sababu ndani yake mna siri yote ya jambo hili. Kramnik aliielewa sataranji kuliko Deep Fritz, na alilionyesha hilo kwa siku nyingi. Ila kuelewa kwake kulibebwa na mwili unaochoka, ilhali mashine ilikuwa saa ya nne sawa na ilivyokuwa dakika ya kwanza. Ili binadamu ashinde ilimpasa awe sahihi mchezo mzima. Mashine ilihitaji saa moja tu ya udhaifu wake.

Mwaka 2003 Kasparov alitoka sare na Deep Junior, programu ya Waisraeli Amir Ban na Shay Bushinsky, kisha akatoka sare na Fritz vilevile, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba mizani imetulia katikati. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Oktoba 2004 mjini Bilbao wachezaji watatu, Veselin Topalov, Ruslan Ponomariov na Sergey Karjakin aliyekuwa na umri wa miaka 14, walikutana na kompyuta tatu, nazo zikapata alama 8.5 dhidi ya 3.5, na mchezo pekee walioushinda binadamu ni wa yule kijana. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, watu watatu waliowahi kuvaa taji la dunia la shirikisho la mchezo huu, Ponomariov, Rustam Kasimdzhanov na Alexander Khalifman, walishindwa kwa alama 8 kwa 4. Ponomariov aliishinda Fritz mchezo mmoja, tarehe 21 Novemba 2005, na kwa kadiri ya kumbukumbu za mchezo huu, huo ndio wa mwisho ambao binadamu aliishinda kompyuta ya daraja la juu kwa saa za mashindano na bila kupewa upendeleo wowote.

Kati ya mapambano hayo mawili ya Bilbao lilifanyika la London, mwezi wa Juni 2005, ambalo lilikuwa zito zaidi kwa matokeo. Hydra ilikuwa mashine iliyomilikiwa na kampuni moja ya Abu Dhabi, na kompyuta zake zikakaa huko huko katika Falme za Kiarabu. Msanifu wa programu yake alikuwa Chrilly Donninger wa Austria. Aliyeletwa mbele yake ni Michael Adams, Mwingereza aliyehesabiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani, mtu wa mchezo mtulivu na mgumu kuvunjika. Katika michezo sita Adams alipata sare moja. Mitano iliyobaki aliipoteza yote. Hapakuwa na kosa kubwa la kulilia, wala masharti ya kulalamikia. Palikuwa na mchezaji mkubwa aliyebanwa polepole, mchezo baada ya mchezo, na kila njia aliyoichagua ikawa nyembamba kuliko alivyoikadiria. Lau ningetakiwa kutaja pambano moja ambalo lilimaliza hoja ya kuwa binadamu ana namna ya kucheza ambayo mashine haiiwezi, ningelitaja hili la London kabla ya lile la Deep Blue.

Lilikuwa limebaki moja. Mwishoni mwa mwaka 2006 Kramnik, akiwa bingwa wa dunia asiye na mshindani wa taji, alikubali kukutana tena na Deep Fritz mjini Bonn kwa michezo sita. Safari hii mashine haikuhitaji makabati wala vipande vya silikoni vya pekee. Iliendeshwa na kompyuta ya kawaida, ikipima hali zipatazo milioni 8 kwa sekunde, yaani sehemu ndogo sana ya kasi ya Deep Blue, na bado ilicheza vizuri kuliko Deep Blue, kwa sababu watunzi wa programu walikuwa wamejifunza kuyakata mapema matawi yasiyo na maana na kuyafuata yenye maana kwa kina kirefu. Mchezo wa kwanza ulikuwa sare. Katika wa pili Kramnik, akiwa na hali nzuri na akitafuta ushindi, alimpeleka malkia wake ng'ambo ya pili ya ubao, asione kuwa hatua moja tu ya malkia wa mashine ilikuwa ikimfunga mfalme wake papo hapo. Watazamaji walidhani macho yao yamewadanganya. Wapo waliomcheka, mimi naona si haki, kwani mtu huyo alikuwa amecheza michezo mingi ya daraja la juu kwa usahihi wa ajabu, na jicho la binadamu, hata la bingwa, lina saa zake za giza. Michezo mitatu iliyofuata alitoka sare kwa ustadi mkubwa, na wa mwisho, akilazimika kushambulia, akapoteza. Alama zilikuwa 4 kwa 2, na tangu siku hiyo hakuna bingwa wa dunia aliyeketi katika pambano rasmi la usawa dhidi ya kompyuta.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 2009, katika mashindano ya Buenos Aires, programu ya Pocket Fritz iliyokuwa ndani ya simu ya mkononi ilipata alama 9.5 katika michezo 10. Simu hiyo hiyo, ambayo imekuwa rafiki wa mwanafunzi, imekuwa pia balaa la mashindano, hata waamuzi wakalazimika kuwapekua wachezaji mlangoni na kuzichungulia nyendo zao wakienda msalani. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London, inayoongozwa na Demis Hassabis, ambaye utotoni alikuwa mchezaji wa sifa, ilitangaza AlphaZero, programu iliyopewa kanuni za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake, na kwa saa chache ikaipita Stockfish, iliyokuwa miongoni mwa programu zenye nguvu kuliko zote. Katika michezo 100 ilishinda 28, ikatoka sare 72, wala haikupoteza hata mmoja. Ilipima hali 80,000 kwa sekunde ambapo Stockfish ilipima milioni 70. Kwa hivyo njia ya pili ya Shannon, ile ya kuchagua, ambayo Botvinnik aliitamani asiifikie, ilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia, na Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, alisema wazi kuwa michezo ya AlphaZero iliubadilisha mchezo wake mwenyewe.

Kinachopimwa siku hizi baina ya mtu na kompyuta ni kadiri ya upendeleo. Mwaka 2007 grandimasta Jaan Ehlvest alicheza na programu ya Rybka, nayo ikaanza kila mchezo ikiwa imepungukiwa na kitunda kimoja, akashindwa kwa alama 5.5 kwa 2.5. Katika miaka ya karibuni programu ya Leela Chess Zero, ambayo ni mtoto wa fikra za AlphaZero, imekuwa ikianza mchezo bila farasi mmoja, tofauti ambayo baina ya magrandimasta wawili ingemfanya mmoja asalimu amri pale pale, na hata hivyo imewashinda magrandimasta wengi katika mchezo wa haraka. Katika mchezo wa taratibu, wenye saa za kutosha za kutafakari, farasi huyo bado ana thamani mikononi mwa binadamu.